Bwawa Halitumikii Mabwana Wawili

Leo sina hadithi wala shairi. Nina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na hoja moja inayotembea vijiweni mjini Singida kila mvua zinapozidi, kisha inalala usingizi wa pono kiangazi kikiingia. Ukiisikia ni tamu kweli. Lijengwe tuta kubwa la udongo, lizuie mafuriko yanayoteremka toka vilimani; na nyuma ya tuta hilo yakae maji mwaka mzima, tuweke mitumbwi, vibanda vya kuku wa kienyeji wa kuchoma, spika mbili tatu, vijana wapate mahali pa kujirusha wikiendi. Mkono mmoja unazuia gharika, mkono wa pili unauza soda baridi. Na ole wako upinge! Utaambiwa hupendi maendeleo, una roho ya korosho.

Napinga hata hivyo. Sababu zangu hazitoki kwenye roho, zinatoka kwenye hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Bwawa la kuzuia mafuriko linafanya kazi likiwa tupu. Ni kama ndoo uliyoitega chini ya bati linalovuja. Ukiiacha imejaa tangu jana, mvua ya leo itamwagika sakafuni kana kwamba ndoo haikuwepo. Bwawa la starehe linataka kinyume chake kabisa. Mwenye mtumbwi anataka kina. Mwenye kibanda anataka maji yafike karibu na viti vya wateja. Mpiga picha wa harusi anataka maji yang'ae, hataki tope lililopasuka kama kisigino cha mkulima. Kwa hiyo kila kipande cha maji kinachoachwa pale kwa ajili ya starehe ni nafasi iliyochukuliwa kimyakimya kwa wale wanaolala bondeni, chini ya tuta.

Atasimama msomi mmoja aseme: mbona duniani yapo mabwawa yanayofanya kazi zote mbili? Kweli yapo. Yamegawanywa: chini maji ya kudumu, juu nafasi iliyoachwa wazi kusubiri gharika, na mpaka kati ya hayo mawili unalindwa kama mpaka wa nchi. Yana malango ya kufungulia maji, yana vipimo, na yana mtu anayelipwa mshahara kukesha. Sasa hebu tuongee kama watu wazima. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba. Sikukuu za Krismasi na Mwaka Mpya zinaangukia papo hapo. Wageni wametoka Dar, wametoka Arusha, wamelipa. Bwawa linapendeza. Wingu jeusi limetanda upande wa kaskazini. Nani atakuwa na ubavu wa kwenda kufungua maji na kuwaachia wazito matope mbele ya viti vyao? Mlinzi wa lango? Yule ambaye mshahara wake unachelewa miezi miwili? Mshikaji, tusidanganyane.

Wengine wanacheka kabisa: mafuriko Singida? Si huko ndiko kwenye ukame? Hapo ndipo ujinga unapoanza. Mkoa wetu unapata mvua kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya Novemba na Aprili. Miezi mingine ardhi inakaa bila tone, inakakamaa, nyasi zinaisha, ng'ombe wanakanyaga vumbi. Halafu siku moja, saa mbili tu, mbingu inafunguka juu ya mawe ya matale na juu ya udongo mgumu kama sakafu. Maji hayana muda wa kuzama. Yanakimbia. Korongo ambalo jana watoto walilichezea mpira leo linabeba magogo. Nchi kavu haifi kwa kiu tu. Inaweza pia kufa maji, na inakufa haraka zaidi kwa sababu hakuna aliyejiandaa. Waliokuwepo wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 hawahitaji mwalimu wa jambo hili.

Tuje kwenye tuta lenyewe. Tuta la udongo ni kazi ya heshima. Likijengwa vizuri, kwa udongo wa mfinyanzi katikati, ukashindiliwa tabaka kwa tabaka, linaweza kuishi kuliko aliyelijenga. Lakini lina adui mmoja ambaye halimwezi kamwe: maji yanayopita juu yake. Ukuta wa zege unaweza kuvumilia maji kuruka kichwani mwake. Tuta la udongo haliwezi. Maji yakianza kupita juu, yanakata mfereji mdogo, mfereji unakuwa mkubwa, na baada ya muda mfupi hakuna tuta. Ndiyo maana kila tuta lazima liwe na njia ya pembeni ya kupitishia maji yaliyozidi, ile ambayo mafundi wanaiita utoro wa maji. Utoro ndio roho ya bwawa. Ukiuziba, umelinyonga.

Adui wa pili anakuja kwa ndani. Mchwa wanachimba. Panya wanachimba. Mti unaota juu ya tuta, watu wanafurahia kivuli, mti unakufa, mzizi unaoza, na pale ulipokuwa mzizi panabaki bomba. Maji yanalipata bomba hilo, yanatoka upande wa pili yakiwa na rangi ya udongo, na huo udongo unaouona kwenye maji ndio tuta lenyewe linalosafiri. Ng'ombe nao wanapanda na kushuka kwenda kunywa, wanachonga njia. Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa tuta la udongo methali hiyo ina huruma kupita kiasi. Usipoziba ufa hutajenga ukuta, utachimba makaburi.

Mnadhani natia chumvi? Haya, nisikilizeni kisa cha watu waliopenda starehe kuliko utoro wa maji.

Huko Pennsylvania, Marekani, kulikuwa na tuta la udongo lenye urefu wa kwenda juu wa mita kama 22. Klabu ya matajiri ilikuja kulinunua, wanachama wake wakiwemo Andrew Carnegie na Henry Clay Frick, majina yaliyotikisa dunia ya chuma. Waligeuza maji yake kuwa ziwa la kuvua samaki na kupunga upepo. Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yameshang'olewa kabla, na klabu haikuyarudisha. Juu ya tuta walipunguza kimo ili barabara ya magari ya farasi ipite vizuri. Kwenye utoro waliweka vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke. Samaki, jamani! Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikanasa kwenye vile vyuma, maji yakapanda juu ya tuta, tuta likakatika. Bondeni kulikuwa na mji wa wafanyakazi, Johnstown. Walikufa watu 2,209. Wenye klabu hawakupatikana na hatia mahakamani. Carnegie aliujengea mji maktaba.

Someni tena orodha ile: bomba, kimo, utoro. Kila kimoja kilipunguzwa, kilizibwa au kiliachwa bila kurudishwa kwa ajili ya raha ya watu wachache waliokaa juu, na kila kimoja kililipiwa na walalahoi waliokaa chini. Hakuna aliyekusudia kuua. Walitaka tu bwawa lipendeze.

Mtasema hayo ya Wazungu wa zamani. Basi tuje nyumbani. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Kilosa iligeuka ziwa. Tuta lililojengwa enzi za ukoloni kuulinda mji dhidi ya Mto Mkondoa lilibomoka, na huko juu bwawa la Kidete halikuwa tena na uwezo wa kuyashika maji. Zaidi ya watu 20,000 walipoteza makazi, wengi wakahamia kwenye mahema. Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa. Na hapa ndipo Singida inapoingia, maana wengi wetu tunafikiri Kilosa ni habari za mkoa mwingine. Reli ile ile ndiyo inayofika Manyoni na Itigi. Kwa miezi kadhaa treni kutoka Dar es Salaam haikuweza kupita. Abiria wa bara ilibidi waanzie safari Dodoma. Mama aliyekuwa akitegemea stesheni ya Itigi kuuza asali na kuku kwa abiria hakuwahi kuiona Kidete maishani mwake, lakini Kidete ilimfikia.

Wakenya nao wanayajua. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la udongo kwenye shamba la watu binafsi huko Solai, Nakuru, lilipasuka usiku na kuua watu wasiopungua 47. Walibya wanayajua zaidi. Mabwawa mawili juu ya mji wa Derna yalijengwa miaka ya 1970 hasa kwa kazi ya kuzuia mafuriko. Yalikaa miaka mingi bila matengenezo ya maana, na usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 yote mawili yalikatika. Maelfu ya watu walichukuliwa baharini. Mwaka 2024 mahakama iliwafunga maofisa 12. Kuwafunga ni sawa, lakini hakumrudishi hata mtoto mmoja.

Na tusisahau adui wa tatu, yule mpole: tope. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, akina Anders Rapp, walikwenda kupima mabwawa ya jirani zetu Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu, Imagi. Walichokuta ni kwamba mashamba na malisho yaliyokwanguka huko juu yalikuwa yakihamia ndani ya mabwawa kwa kasi ya kutisha. Hombolo, lililojengwa 1957, nalo limeliwa kina chake na tope vivyo hivyo. Kwa hiyo hata ukinichorea bwawa la kupendeza leo, usipogusa mlima ulioko juu yake unachora kitu chenye tarehe ya kufa. Bwawa huanza kule juu, kwenye jembe la mkulima na kwato za ng'ombe. Vibanda vya soda haviwezi kulifuta hilo.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi vijana wasistarehe. Kijana wa Singida ana haki ya kukaa mahali penye upepo akamwangalia mpenzi wake bila kufukuzwa na mgambo. Ila starehe ya maji tunayo tayari! Mungu ametupa maziwa mawili ndani ya mji mmoja, Singidani na Kindai, yenye mawe makubwa kandokando na ndege aina ya korongo na heroe. Miji mingapi ya bara ina bahati hiyo? Na maziwa haya yenyewe yanatufundisha somo lile lile. Hayana mto wa kutoa maji kwenda baharini. Kinachoingia kinatoka kwa jua tu, ndiyo maana maji yake yana chumvi. Mwaka wa mvua nyingi ziwa linavimba na kudai ardhi yake. Mwaka wa ukame linarudi nyuma na kuacha ufuko mweupe, na hapo ndipo mjanja anapoweka msingi wa nyumba. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa maji. Mita 60 si uonevu wa serikali. Ni kumbukumbu ya ziwa iliyoandikwa kwa niaba ya watu wenye usahaulifu.

Hoja yangu basi ni hii: starehe tuiweke kwenye maziwa, tena nyuma ya mita 60, na tuta la mafuriko tuliache liwe tuta la mafuriko. Anayetaka mfano wa bwawa lenye akili, atazame Ohio, Marekani hiyo hiyo. Baada ya gharika ya mwaka 1913 iliyoangamiza mji wa Dayton, wananchi walichanga fedha na kumpa kazi mhandisi Arthur Morgan. Alijenga matuta matano ya udongo, yakakamilika 1922. Nyuma yake hakuna ziwa! Chini ya kila tuta kuna tundu la zege ambalo halina lango. Mto unapita siku zote kama kawaida. Mvua ikizidi uwezo wa tundu, maji yanarudi nyuma yanajaa, kisha yanapungua yenyewe polepole. Hakuna mtu wa kuhonga, hakuna mtu wa kumsubiri aamke. Na ile ardhi iliyoko nyuma ya matuta siku nyingine zote ni mashamba na bustani za watu kupumzika. Yamefanya kazi hiyo zaidi ya mara elfu mbili.

Hilo ndilo bwawa linaloifaa nchi yenye makorongo. Nyuma ya tuta weka kiwanja cha mpira, weka njia ya kukimbia, panda miti mbali na tuta lenyewe. Mechi ikivurugwa na mafuriko siku tatu kwa mwaka, nani amekufa? Jijini Dar wazo la namna hiyo limeingia kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo na Benki ya Dunia mwaka 2022: Jangwani iwe bustani, mahali ambapo maji yakija yanaruhusiwa kukaa. Inawezekana, basi, maji na watu kupeana zamu. Haiwezekani kukaa kiti kimoja kwa wakati mmoja.

Kuna watakaosema haya ni ya mainjinia, sisi waandishi chipukizi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka 1882 Mnorwe Henrik Ibsen aliandika tamthilia kuhusu daktari anayegundua kwamba maji ya kuogea, yale yanayouletea mji wageni na fedha, yana sumu. Anadhani watamshukuru. Mji mzima unamgeuka, na gazeti lililoahidi kuchapa ukweli linamkimbia. Ibsen hakuwa fundi wa mabomba. Alijua tu swali la kuuliza: nani anafaidi maji haya, na nani atakufa nayo?

Sisi tunaandika nini? Machweo juu ya Kindai. Heroe kama waridi. Msichana kama machweo. Machweo kama msichana. Sawa, ni mazuri, lakini yamefika mangapi sasa? Ni lini mtu ametuletea shairi moja tu kuhusu lambo la kijiji kule Iramba, Mkalama au Ikungi, lambo lililochimbwa kwa nguvu za wananchi, likasherehekewa kwa ngoma, na leo limebaki sahani ya tope lenye mti mkubwa juu ya tuta? Nani ameandika hadithi ya mlinzi wa lango usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya? Mbona riwaya nzima iko pale!

Na kabla ya riwaya, kuna kazi ndogo zaidi. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati iko hapa hapa Singida. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ipo tangu 2009, na kanuni za usalama wa mabwawa zipo tangu 2013. Siku hoja hii ya bwawa la raha itakapoacha kijiwe na kuingia kwenye mkutano wa mtaa ikiwa na ramani na mkandarasi, wewe unayejua kusoma na kuandika simama nyuma ya wazee, nyoosha mkono kwa adabu, uulize haya. Maji yatakaa kimo gani mwezi wa Desemba, na nani kasaini? Utoro una upana gani, na umepigiwa hesabu ya mvua ipi? Fungu la kufyeka tuta na kuua mchwa mwaka wa kumi limo wapi? Huko juu mlimani nani analipwa asilime hadi ukingoni? Na nyumba ngapi ziko chini ya tuta, zitaambiwaje saa nane usiku?

Wakijibu yote matano, mimi nitakaa chini na kunyamaza. Wakikuambia, "Kijana, haya ni ya wataalamu," waandike majina yao kwenye daftari, na tarehe.

Anayenipinga alete makala. Kurasa zipo, na wino upo. Ila atuambie kwanza nyumba yake iko juu ya tuta au chini.